Homa ya Mapafu ya Mbuzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wafugaji wa Kenya na Tanzania huyauliza pindi mbuzi wa kwanza anapoanza kukohoa zizini, pamoja na mengine ambayo, kwa bahati mbaya, huulizwa wakati nusu ya kundi imekwisha kufa. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo, lakini yanaweza kumsaidia mfugaji kujua amwite lini na amweleze nini. Mwenye mbuzi mgonjwa leo hii anaweza kuruka historia na kwenda moja kwa moja kwenye swali la dalili.

Homa ya mapafu ya mbuzi ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa wa kuambukiza unaoshambulia mapafu ya mbuzi na utando unaoyafunika. Husababishwa na bakteria wadogo mno wa kundi la mikoplasma, ambao jina lao la kitaalamu ni Mycoplasma capricolum capripneumoniae. Mikoplasma hutofautiana na bakteria wengine kwa jambo moja lenye maana kubwa kwa mfugaji: hawana ukuta wa seli. Kwa sababu hiyo dawa zinazoua bakteria kwa kuuharibu ukuta huo, penisilini ikiwa mojawapo, haziwadhuru hata kidogo.

Wamaasai huuita ugonjwa huu olkipiei, Waturkana huuita loukoi, na Wasomali huuita sambab. Majina yote matatu yanalitaja pafu, na hilo halishangazi kwa watu wanaochinja na kupasua mifugo yao wenyewe na kujionea kiungo kilichoharibika. Tatizo la majina hayo ni kwamba hutumika pia kwa homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo ni ugonjwa mwingine wenye kimelea kingine. Ng'ombe hapati ugonjwa huu wa mbuzi, na chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe haimkingi mbuzi. Mfugaji anayesema kwamba mifugo yake imechanjwa "ile ya mapafu" anapaswa kuulizwa ni mifugo gani iliyochanjwa.

Ugonjwa huu ulianza lini na wapi?

Maelezo ya kwanza ya kitabibu yaliandikwa nchini Algeria mwaka 1873. Mwaka 1881 Duncan Hutcheon, daktari wa mifugo wa Koloni ya Rasi katika Afrika Kusini ya leo, alieleza mlipuko ulioletwa na mbuzi wa Angora waliosafirishwa kwa meli kutoka Uturuki, naye ndiye aliyeonyesha wazi kwamba ugonjwa huo huambukizwa kutoka mbuzi hadi mbuzi. Huko Rasi waliutokomeza kwa kuwachinja wagonjwa na kuwakinga waliobaki kwa njia za wakati huo.

Kimelea chenyewe kilichelewa kujulikana. Kwa muda mrefu lawama zilitupiwa mikoplasma wa aina nyingine, kwa sababu huyu wa kweli ni mgumu sana kuoteshwa maabara. Ilikuwa mwaka 1976, nchini Kenya, ambapo watafiti MacOwan na Minette walifanikiwa kumpata kutoka kwa mbuzi wagonjwa na kumpa alama ya F38, na jina lake la sasa lilikuja mwaka 1993. Chanjo inayotumika Afrika Mashariki hadi leo imetokana na F38 hiyo ya Kenya. Katika miaka ya 1990 ugonjwa ulithibitishwa pia Ethiopia, Uganda na Tanzania, na umewahi kuripotiwa Oman, nchi ambayo imepokea mbuzi wa Pembe ya Afrika kwa majahazi na meli tangu zamani.

Unaeneaje?

Mbuzi mgonjwa anapokohoa hurusha matone madogo yenye vimelea, na mbuzi aliye karibu huyavuta kwa pumzi. Hakuna njia nyingine yenye uzito kama hiyo. Kupe hawauenezi, nzi hawauenezi, wala majani ya malisho hayahifadhi ugonjwa, kwa kuwa kimelea hiki nje ya mwili wa mbuzi ni dhaifu sana na katika joto la nchi zetu huishi kwa takriban siku 3 tu.

Ukilitafakari jambo hilo utaona kwamba ugonjwa hauna miguu isipokuwa ile ya mbuzi. Hauingii zizini kwa upepo kutoka kijiji cha tano, wala hauletwi na vumbi au baridi ya alfajiri, ingawa wafugaji wengi huanza kwa kuitaja baridi. Baridi, mvua za ghafla, njaa ya kiangazi na uchovu wa safari humdhoofisha mbuzi na kuufanya ugonjwa uliokwisha kuwamo kundini ulipuke, na ndiyo maana milipuko mingi huonekana mvua zinapoanza au baada ya mbuzi kusafirishwa. Baridi peke yake, bila mbuzi aliyeambukizwa, haiwezi kuleta homa hii.

Basi swali la kujiuliza ni hili: mbuzi wangu walikutana na mbuzi gani katika wiki 4 zilizopita? Mara nyingi jibu ni mbuzi aliyenunuliwa mnadani, au aliyepelekwa mnadani akakosa mnunuzi na kurudishwa nyumbani jioni, au beberu aliyeazimwa kwa ajili ya kupandisha, au mbuzi wa mahari, au wale wa ndugu walioletwa kukaa kwa muda kwa sababu kwao hakuna nyasi. Huyu aliyerudi kutoka mnadani husahaulika kuliko wote, kwa sababu mwenyewe hamhesabu kuwa mgeni. Kisima kinachotumiwa na makundi mengi wakati wa ukame nacho ni mahali pa hatari, kwa kuwa mbuzi husongamana pua kwa pua wakisubiri zamu.

Muda kati ya kuambukizwa na kuonyesha dalili kwa kawaida ni siku 6 hadi 10, lakini unaweza kufika wiki 3 au 4. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu siku 45 kwa tahadhari. Katika muda huo wote mbuzi anaweza kuonekana mzima, akala vizuri na akapendeza machoni pa mnunuzi.

Ni dalili gani nizitazame?

Dalili ya kwanza ni homa kali, ambayo hufika nyuzi 41 hadi 43 za selsiasi, na siku hiyo mfugaji asiye na kipimajoto huona tu kwamba mbuzi amebaki nyuma ya wenzake na hana hamu ya kula. Baada ya siku 2 au 3 kikohozi huanza, kisha pumzi hubadilika: mbuzi huhema haraka, hukoroma, na kila pumzi huonekana kumuuma. Katika hatua ya mwisho husimama ameitanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha na kukaza, mdomo wazi, ulimi nje, mate yenye povu yakimtoka. Majike wenye mimba wanaweza kuitupa.

Mbuzi aliyefika hatua hiyo hufa ndani ya siku chache. Katika kundi ambalo halijawahi kukutana na ugonjwa huu wala kuchanjwa, karibu wote wanaweza kuugua, na vifo hufika asilimia 60 hadi 80. Wapo wanaokufa ndani ya siku moja hadi tatu bila dalili kubwa, na hao huzua uvumi wa sumu au wa nyoka. Katika maeneo ambako ugonjwa umezoeleka hali huwa tofauti: vifo ni vichache, kikohozi ni cha hapa na pale hasa mbuzi wanapokimbizwa asubuhi, na mfugaji huishi nacho miaka akidhani ndiyo tabia ya mbuzi wake. Kundi la namna hiyo huwa ndilo chanzo cha maafa ya jirani.

Nitaitofautishaje na sotoka ya mbuzi na kondoo, au na nimonia ya kawaida?

Watazame kondoo kwanza. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi ulioingia Kenya kwa kishindo mwaka 2006 na 2007 kupitia Turkana na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2008 upande wa Ngorongoro, huwapata mbuzi na kondoo pia, na huleta kamasi nzito puani, matongotongo, vidonda vya mdomoni vyenye harufu mbaya na kuhara. Homa ya mapafu ya mbuzi hubaki kifuani. Kwa hiyo, ukiona mbuzi wanakohoa na kufa huku kondoo walio nao zizi moja wakiendelea kutafuna bila shida, na hakuna anayehara, shaka ielekee zaidi kwenye homa ya mapafu.

Nimonia inayoletwa na bakteria wengine, hasa wale wa pasturela, huwashika zaidi wanambuzi na mbuzi waliochoka, na kwa kawaida haifagii kundi zima la wakubwa na wadogo. Kuna pia jamaa za mikoplasma wanaoleta nimonia pamoja na uvimbe wa maungio, ugonjwa wa kiwele na macho mekundu, na hao si wale tunaowazungumzia hapa. Kwa kuwa magonjwa haya yanaweza kuingia kundi moja kwa wakati mmoja, uhakika hutoka maabara. Nchini Tanzania sampuli hupokewa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na nchini Kenya na maabara kuu ya Kabete. Maji ya kifuani na kipande cha pafu kilichokatwa mpakani mwa sehemu nzima na iliyoharibika, vikiwekwa kwenye barafu na kufika upesi, ni bora kuliko damu pekee. Kipimo cha damu huonyesha kingamwili tu, yaani kinga ambayo mwili hujitengenezea dhidi ya vimelea, na mbuzi anaweza kufa kabla hazijatokea.

Nikimpasua mbuzi aliyekufa nitaona nini?

Kabla ya kushika kisu, hakikisha kwamba mzoga hautoki damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au kwenye tundu la haja, na kwamba mbuzi hakufa ghafla bila kuugua. Hayo ni mambo ya kimeta, ugonjwa unaoua watu, na mzoga wa namna hiyo haupasuliwi na mtu yeyote bali huripotiwa na kuzikwa kwa maelekezo ya mtaalamu.

Katika homa ya mapafu ya mbuzi uharibifu wote uko kifuani, na mara nyingi upo upande mmoja tu. Kifua huwa kimejaa maji ya rangi ya manjano hafifu, yenye vipande vya utando kama maziwa yaliyoganda. Pafu lililoathirika huwa zito na gumu kama ini, limeshikamana na mbavu, na likikatwa huonyesha rangi nyekundu iliyoiva. Pafu la upande wa pili linaweza kuwa zima kabisa. Utumbo, ini na figo huwa havina la ajabu. Mfugaji anayeweza kumweleza daktari mambo haya kwa simu, au kumtumia picha, humpunguzia kazi kubwa.

Je, unatibika?

Ndiyo, iwapo tiba itaanza mapema na dawa itakuwa ile inayofaa. Tailosini kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku 3 mfululizo hufanya kazi vizuri, na oksitetrasaiklini hutumika sana kwa sababu inapatikana karibu kila duka la dawa za mifugo. Daktari ndiye wa kuchagua na kupima. Mbuzi ambaye tayari amesimama shingo imekaza na povu mdomoni mara nyingi hasaidiki tena, na kuendelea kumdunga sindano kila asubuhi kwa wiki nzima ni kumtesa na kupoteza fedha ambazo zingewatibu watano walioanza kupata homa tu.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni penisilini, ambayo wafugaji huinunua kwa kuwa iliwahi kumponya mbuzi mwingine wa ugonjwa mwingine. La pili ni kukata dozi: mbuzi akianza kula siku ya pili, chupa hurudishwa darini ikisubiri mgonjwa mwingine. Dozi pungufu huwafundisha vimelea kuizoea dawa, na mbuzi aliyepata nafuu nusunusu hubaki akikohoa vimelea juu ya wenzake. Hata aliyetibiwa ipasavyo hawezi kuhesabiwa kuwa salama kwa wengine mara moja, kwa kuwa tiba huokoa uhai wa mbuzi bila kumhakikishia mfugaji kwamba pafu limesafishika. Asiuzwe wala kuazimwa kwa kisingizio kwamba amepona.

Chanjo ipo? Ichanjwe lini?

Ipo, na ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko nyingine zote katika ugonjwa huu. Ni chanjo ya vimelea vilivyouawa kwa saponini (kemikali itokanayo na mimea), iliyobuniwa Kenya katika miaka ya 1980, na taasisi ya Kenya ya kuzalisha chanjo za mifugo, KEVEVAPI, huitengeneza. Ethiopia nayo huzalisha ya kwake. Kinga yake hudumu kwa takriban mwaka mmoja, kwa hiyo mbuzi aliyechanjwa mwaka juzi hana cha kujivunia mwaka huu.

Wakati mzuri ni mwezi mmoja au zaidi kabla ya kipindi ambacho katika eneo lako ugonjwa huja, yaani kabla ya mvua, au kabla ya kuhamia malisho ya mbali ambako makundi yatachanganyika. Chanjo itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani hadi zizini. Ikibebwa mfukoni mwa koti juani kwa saa tatu, kitakachodungwa kitakuwa maji tu. Umri wa kuanza kwa wanambuzi na kipimo cha kila mnyama vimeandikwa kwenye karatasi ya chanjo husika, na karatasi hiyo isomwe kila mara kwa sababu watengenezaji hutofautiana.

Wengi huomba chanjo siku ambayo mbuzi watatu wamekwisha kufa. Wakati huo wapo waliokwisha kuambukizwa ambao bado hawajaonyesha dalili, na chanjo haitawaokoa. Watakufa wiki inayofuata, kisha kijiji kizima kitasema kwamba chanjo ndiyo iliyowaua. Hii ni sababu mojawapo ya wafugaji kuikataa, na wataalamu wanaochanja katikati ya mlipuko bila kulieleza jambo hilo mapema wamechangia. Katika mlipuko, wenye homa hutibiwa, na wale wa mazizi ya jirani ambayo ugonjwa haujafika ndio huchanjwa, tena kwa sindano safi na mchanjaji asiyetoka moja kwa moja kwenye zizi la wagonjwa.

Nimenunua mbuzi mnadani. Nimweke wapi?

Peke yake, mbali na wengine, kwa wiki 4 angalau. Umbali utoshe kuzuia pumzi zao zisikutane. Uzio wa miti unaowawezesha kunusana hauna faida. Apewe maji na majani yake mwenyewe, na atazamwe kila siku, hasa asubuhi, anapoamshwa na kutembezwa kidogo, kwa kuwa kikohozi husikika zaidi wakati huo.

Tunajua kwamba ushauri huu ni rahisi kuutoa kuliko kuutekeleza. Mfugaji anayehamahama hana banda la pili, na mchungaji ni mtoto mmoja. Njia ambayo baadhi yao wameifuata ni kumwacha mgeni kwa mtu asiyekuwa na mbuzi, au kumfunga karibu na boma la ng'ombe, ambao hawadhuriki. Anayenunua kadhaa kwa pamoja anaweza kuwachunga kama kundi dogo linalokwenda upande mwingine. Lililo muhimu kuliko mengine ni kutofanya ununuzi wakati unasikia vikohozi mnadani, hata kama bei ni ya kutupwa. Bei ya kutupwa kwa kweli ndiyo iwe ya kwanza kukutia shaka.

Hasara yake kwa mfugaji ni kubwa kiasi gani?

Tuchukue mfano wa kaya yenye mbuzi 40 ambao hawajachanjwa, na tuseme vifo ni asilimia 70. Wamekufa 28, wamebaki 12. Kati ya hao 12 pengine majike ni 7 au 8, na baadhi yao wametupa mimba na wana mapafu yenye makovu. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi 5, na mwanambuzi jike huhitaji zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuzaa mwenyewe. Mfugaji huyo, asipouza wala kuchinja hata mmoja, na ukame usipomkuta njiani, atahitaji miaka kadhaa kurudi alipokuwa. Lakini hawezi kukaa bila kuuza, kwa kuwa mbuzi kwake ndio akiba: mmoja huuzwa wa ada ya shule, mwingine wa hospitali, mwingine wa mahindi mwezi wa njaa. Ng'ombe hauzwi kwa ajili ya mahitaji madogo, na kuku hatoshi. Mbuzi wakiisha, mahitaji madogo huanza kula ng'ombe.

Hasara ya pili huja kabla ya vifo. Mbuzi watano wakianza kukohoa, mwenye kundi hukimbilia kuwauza waliobaki kabla hawajaanguka. Wanunuzi wanajua kinachoendelea na hushusha bei, na wakati mwingine mbuzi mzuri hutoka kwa nusu ya thamani au chini ya hapo. Hao waliouzwa kwa haraka ndio wanaoupeleka ugonjwa kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko jijini Nairobi, mnada wa Pugu jijini Dar es Salaam au mnada wa wilaya ya tatu, na wengine kati yao hurudishwa vijijini wakiwa mbegu. Si haki kumlaumu sana mtu anayejaribu kuokoa alichonacho, lakini ni lazima isemwe kwamba mauzo ya hofu huusafirisha ugonjwa huu mbali kuliko kitu kingine chochote.

Hasara ya tatu huwapata wanawake na watoto kwanza. Katika kaya nyingi za wafugaji maziwa ya mbuzi ndiyo yanayobaki nyumbani wakati ng'ombe wamehamishiwa malisho ya mbali, na ni mama anayeyakamua na kuyagawa. Jike mwenye homa hukauka maziwa ndani ya siku chache. Vikundi vya kina mama vinavyokopeshana mbuzi, kwa utaratibu wa kopa mbuzi lipa mbuzi, huumia kwa namna ya pekee: mbuzi aliyekopeshwa akifa deni linabaki, na akiwa amebeba ugonjwa mkopo unaofuata huupeleka kwa mwanachama mwingine. Kikundi chenye busara huandika katika kanuni zake kwamba mbuzi hahami kaya moja kwenda nyingine bila kuchanjwa na bila kutengwa kwa mwezi mmoja.

Kuna pia gharama ambazo hazionekani kwenye hesabu ya mizoga, yaani dawa zilizonunuliwa bila uchunguzi, nauli za kwenda wilayani, na minada iliyofungwa kwa wote, wakiwemo wale ambao mbuzi wao ni wazima.

Nikiripoti, mnada utafungwa na majirani watanichukia. Kwa nini niripoti?

Hili ni swali la haki, na halijibiwi kwa kutaja sheria peke yake. Sheria zipo: Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na Kenya ina sheria yake ya magonjwa ya wanyama, Sura ya 364. Zote zinampa mamlaka mkurugenzi wa huduma za mifugo kuzuia usafirishaji wa mifugo kutoka eneo lenye ugonjwa, na mifugo haipaswi kusafirishwa bila kibali. Homa ya mapafu ya mbuzi imo pia katika orodha ya magonjwa ambayo nchi huyaripoti kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani.

Jibu lenye uzito zaidi kwa mfugaji ni la muda. Ugonjwa ukiripotiwa ukiwa kwenye mazizi mawili, karantini inaweza kuhusu kijiji kimoja kwa wiki chache na chanjo ikazungushwa pembeni yake. Ukifichwa hadi uonekane mnadani, karantini huwa ya wilaya nzima na ya miezi, na hapo hakuna anayeuza. Kwa upande wa serikali, ni kweli kwamba mfugaji anayeripoti hafidiwi mbuzi waliokufa, na mara nyingine husubiri chanjo ambayo haiji kwa wakati. Mpaka hali hiyo irekebishwe, wapo watakaoendelea kunyamaza, na mwandishi wa majibu haya haoni ajabu katika hilo.

Nyama na maziwa ya mbuzi mgonjwa yanamdhuru mtu?

Kimelea hiki hakiambukizi binadamu, kwa hiyo mchungaji anayelala karibu na mbuzi wanaokohoa hatapata homa hii kutoka kwao. Hata hivyo nyama ya mbuzi aliyekufa mwenyewe isiliwe. Kwa Waislamu ni kibudu na mjadala umekwisha, na kwa wengine inatosha kujua kwamba haijulikani ni nini kingine kilichomuua. Mbuzi mgonjwa aliyechinjwa apitie kwa mkaguzi wa nyama, ambaye kwa kawaida huyatupa mapafu na kuamua juu ya mzoga uliobaki. Aliyedungwa dawa asichinjwe, wala maziwa yake yasinywewe na watu, hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na anayetupa lebo ya chupa ametupa pia taarifa hiyo. Maziwa ya mbuzi yeyote yachemshwe, kwa sababu ya brusela na magonjwa mengine.

Kondoo na wanyamapori wanaweza kuupata?

Kondoo hukutwa na kingamwili za ugonjwa huu na mara chache vimelea vyenyewe, lakini kwa kawaida hawaugui kama mbuzi. Kwa wanyamapori, mlipuko uliothibitishwa katika hifadhi moja ya wanyama nchini Qatar, na kuelezwa mwaka 2007, uliua mbuzi-mwitu na hata swala twiga, mnyama ambaye kwetu anaishi katika nyika za Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania. Kwa mfugaji wa kawaida, hata hivyo, hatari inayomkabili ni mbuzi wa jirani kuliko swala wa porini.

Mbuzi wangu wengi wamekufa. Ni lini naweza kuleta wengine?

Zizi lenyewe si tatizo kubwa. Likiondolewa samadi, likafagiliwa na kuachwa juani bila mbuzi kwa wiki 2, kimelea hakitakuwa kimebaki humo. Tatizo ni wale walionusurika, kwa kuwa baadhi yao wanaweza kuendelea kubeba vimelea mapafuni kwa muda mrefu bila dalili ya wazi. Kuwaleta mbuzi wapya ambao hawajawahi kuugua na kuwachanganya nao ni kuwasha moto kwenye nyasi kavu.

Subiri hadi miezi 2 ipite tangu kifo au kikohozi cha mwisho. Wachanje walionusurika. Wapya wachanjwe huko huko wanakotoka, wakae kwa muuzaji kwa mwezi mmoja ikiwa mtapatana naye na gharama ya uangalizi iandikwe kwenye makubaliano, kisha wafikapo watengwe kama ilivyoelezwa hapo juu. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, nunua kwa mfugaji mmoja unayeweza kufika kwake na kulisikiliza kundi lake likitoka zizini alfajiri, badala ya kukusanya mbuzi mmoja mmoja kutoka kwa wachuuzi kumi.